Nyuma ya ‘sababu mbalimbali’: Darasa lililohitimu Mpanda na wenzao ambao hawakufika

Ukishahudhuria mahafali matatu ya kidato cha nne, ya mara ya nne risala yake unaweza kuisoma ukiwa umefumba macho. Inaanza kwa kumshukuru Mungu, inamkaribisha mgeni rasmi, inataja upungufu wa walimu wa sayansi, inaomba matundu ya vyoo na uzio. Katikati kuna sentensi ambayo haikosekani: tulianza kidato cha kwanza tukiwa wengi kiasi hiki, leo tunahitimu kiasi hiki, wenzetu wengine hawakuweza kufika nasi kutokana na sababu mbalimbali.

Oktoba 2023 niliisikia tena sentensi hiyo katika shule moja ya kata hapa Mpanda. Safari hii binti yangu alikuwa mmoja wa waliokaa kwenye viti vya mbele, shati jeupe limepigwa pasi, ua la karatasi kifuani. Namba ya kwanza na namba ya pili zilipishana sana. Sitaziandika, maana hata shule ya mwanao inazo za kwake.

Tulipiga makofi, MC akafungulia muziki, tukanyanyuka na kanga na vijora vyetu kwenda kutunza. Keki ikakatwa, pilau ikaliwa. Sikuwaza tena zile namba mbili mpaka usiku, tuliporudi nyumbani na binti akatoa daftari lake.

Kurasa za kumbukumbu

Wazazi wenzangu mnayajua madaftari haya. Wiki za mwisho kabla ya mtihani, watoto wanaandikiana. Wengine wanaandikiana kwenye mashati kwa kalamu za wino mzito, wengine kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu. Binti yangu alimpa kila mwanafunzi wa mkondo wao ukurasa mmoja. Juu aliandika jina, chini akaweka maswali: jina lako la utani, somo ulipendalo, unataka kuwa nani, na jambo usiloweza kusahau katika miaka hii minne.

Nilimwomba nisome. Akakubali, isipokuwa kurasa tatu alizozibana kwa pini. Hizo sikuzigusa.

Nilidhani nitakuta habari za masomo. Mimi kama mama, kwa miaka minne nimeuliza maswali yale yale: umekuwa wa ngapi, hesabu umepata ngapi, kwa nini fizikia imeshuka. Katika daftari lile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekumbuka amekuwa wa ngapi.

Wengi walikumbuka Corona. Darasa hili liliingia kidato cha kwanza Januari 2020. Tarehe 17 Machi serikali ikatangaza kufunga shule. Walikuwa hawajamaliza hata muhula mmoja. Wengine sare zao zilikuwa ndiyo kwanza zimetoka kwa fundi. Mmoja ameandika kwamba alikuwa bado hajayajua majina ya nusu ya darasa lake.

Shule zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni. Katikati hapo kulikuwa na vipindi vya masomo kwenye redio na televisheni, lakini kwa watoto wengi wa huku kwetu, Aprili hadi Juni ni miezi ya mavuno. Kijana mmoja ameandika waziwazi: “Mimi Corona nilisoma mahindi.”

Wengine wameandika habari za madarasa mapya. Mwishoni mwa 2021 serikali ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19, na mengi, 12,000, yalikuwa ya sekondari. Mtu wa mbali anaweza kuona ni jambo dogo. Lakini katika sensa ya 2012, mwaka ule ule mkoa wetu ulipozaliwa kutoka Rukwa, Katavi ilikuwa na watu 564,604. Sensa ya 2022 imehesabu watu 1,152,958. Tumeongezeka mara mbili katika miaka kumi. Binti mmoja ameandika kwamba jambo asiloweza kusahau ni siku aliyokalia kiti chake na meza yake peke yake, kidato cha tatu.

Yameandikwa pia mambo ya kuchekesha. Madumu ya maji ya asubuhi na aliyeteleza nayo mbele ya mwalimu wa zamu. Mchakamchaka na yule aliyekuwa akijificha kwenye migomba mpaka wenzake warudi. Makande yenye mawe. Timu ya netiboli ya UMISSETA iliyolala kwenye madarasa ya shule nyingine, magodoro chini, ikafungwa mechi zote na bado ikarudi ikiimba.

Na Sitalike. Karibu theluthi ya kurasa zimeandika Sitalike.

Mkwaju na viboko

Wakiwa kidato cha tatu, klabu yao ya Malihai iliwapeleka Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Kutoka Mpanda mjini hadi Sitalike ni kilomita zipatazo 35 tu, lakini wengi wao walikuwa hawajawahi kuingia. Hifadhi imekuwepo tangu 1974, ina kilomita za mraba 4,471, na watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuiona. Sisi wenye nayo tunaipita ndani ya basi la Sumbawanga tukiwa tumelala.

Walienda kiangazi, wakati Mto Katuma umekauka na kubaki madimbwi. Viboko hujazana humo kwa mamia, mmoja kalala juu ya mwingine, matope mpaka puani. Mwandishi mmoja wa daftari amesema walifanana na bweni lao siku ya kwanza ya muhula.

Waliambiwa pia habari ya Katabi, yule mzimu ambaye jina la hifadhi limetokana naye, na mkwaju ulio kando ya Ziwa Katavi ambapo watu bado hupeleka sadaka. Watoto wa Kibende walijua hadithi hiyo kutoka kwa bibi zao. Wenzao Wapimbwe na Wakonongo nao wakatoa za kwao. Wasukuma, ambao wazazi wao walikuja na ng’ombe, wakasikiliza. Na wale wenye asili ya Katumba, makazi waliyopewa watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, wakasema na bibi zao wana hadithi za miti. Nimesoma habari hiyo kwenye kurasa nne tofauti, kila mmoja akiisimulia kwa namna yake.

Nilipofika hapo nilikuwa natabasamu peke yangu. Kisha nikafunua kurasa mbili tupu.

Majina mawili

Juu ya kila ukurasa kulikuwa na jina kwa mwandiko wa binti yangu. Chini, maswali. Chini ya maswali, hakuna kitu.

Nilimuuliza kama hawa walikataa kuandika. Akasema, “Mama, hawa ndio sababu mbalimbali.”

Jina la kwanza lilikuwa la msichana aliyekaa naye dawati moja kidato cha kwanza. Shule zilipofungwa Machi 2020 waliagana kama watu wanaokutana wiki ijayo. Zilipofunguliwa Juni, hakurudi. Alikuwa mjamzito. Hakuna aliyelitamka jambo hilo darasani. Jina lake liliendelea kuitwa asubuhi kwa muda, kisha likaacha kuitwa.

Jina la pili lilikuwa la kijana aliyekuwa mcheshi wa darasa. Huyu alifaulu vizuri tu upimaji wa kidato cha pili, Novemba 2021. Likizo ya Juni 2022 alikwenda na mjomba wake kwenye machimbo ya dhahabu kutafuta fedha za viatu na madaftari. Alirudi na viatu, simu, na kiroba cha unga kwa mama yake. Muhula ulipofunguliwa alikuja wiki mbili. Kisha akarudi machimboni.

Nimewaza sana tofauti ya hawa wawili. Msichana alipoondoka, mtaa mzima ulijua na kila mtu alikuwa na la kusema. Kijana alipoondoka, watu walimsifu. Alikuwa analeta unga. Taratibu nyumba ikaanza kumtegemea, na mtu anayetegemewa na nyumba hakuna anayemwambia arudi shule.

Shoga yangu wa 1997

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1997, Mpanda ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Wenzetu waliotoka mbali walikuja na treni ya Kaliua, wakishuka stesheni alfajiri na masanduku ya bati kichwani. Nasi tulikuwa na risala, na ndani ya risala kulikuwa na sentensi ile ile. Niliisaidia kuiandika.

Katika namba yetu ya pili hakuwemo msichana niliyekula naye sahani moja kwa miaka miwili. Alipimwa mimba, akafukuzwa siku hiyo hiyo. Enzi hizo ndivyo ilivyokuwa nchi nzima. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikiwa nimembebea ndoo, yeye amebeba godoro. Sikumwandikia barua hata moja. Niliogopa wazazi wangu wasinidhanie na mimi ni wale wale.

Nimekuwa nikimkuta sokoni miaka yote hii, anauza mchele wa Mpimbwe, na mchele wake ni mzuri. Wiki moja baada ya mahafali ya binti yangu nilikwenda kununua. Aliniona na picha kwenye simu, akaziomba, akaziangalia moja moja polepole. Kisha akaniuliza, “Hivi nyie siku yenu mliimba wimbo gani?”

Miaka 26 nimekuwa nikinunua mchele kwake, sikujua kwamba swali hilo alikuwa nalo.

Nilimwimbia beti moja pale pale, kwa sauti ya chini, kati ya magunia. Alicheka, akafuta uso kwa ncha ya kanga, akanipimia kilo zangu na kuongeza kidogo juu.

Kinachowatoa watoto darasani

Haya si mambo ya shule moja. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015–16 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19 mkoani Katavi, 45 walikuwa wameshazaa au walikuwa wajawazito. Hakuna mkoa uliotuzidi mwaka huo. Utafiti wa 2022 umeonyesha hali imeshuka, lakini bado tuko miongoni mwa mikoa iliyo juu.

Tunapenda kusema ni tabia. Ipo tabia, sikatai. Lakini angalieni kalenda yetu. Shule zinafunguliwa Januari. Januari huku ni mvua, ni palizi, ghala limeanza kupungua na fedha ya mauzo ya mwaka jana imekwisha. Tangu 2016 hatulipi ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne, na hilo limesaidia sana. Sare, viatu, madaftari na mahindi ya chakula cha mchana bado ni vya mzazi, na vyote vinadaiwa katika mwezi ambao mkulima hana kitu.

Mtoto anaona. Msichana anayetembea kilomita nyingi kwenda shule ya kata, akirudi jioni na njaa, atakutana na mtu wa bodaboda mwenye chipsi na maneno matamu. Kijana atasikia habari za machimbo. Mwingine atakabidhiwa ng’ombe, mwingine shamba la tumbaku. Hakuna anayeamka siku moja akasema leo naacha shule. Anakosa Jumatatu, kisha wiki, kisha anaona aibu kurudi.

Nilikwenda kumwona mama wa yule kijana. Alinikaribisha vizuri, akanipa karanga. Akaniambia, “Dada, mwenyewe ameikataa shule.” Nikamuuliza mara ya mwisho alimuuliza lini. Alikaa kimya kidogo. Akasema hajawahi kumuuliza, aliogopa jibu likiwa ndiyo, fedha atazitoa wapi. Sikuwa na la kumlaumu, nami nimekula karanga zilizonunuliwa kwa fedha ya mtoto yule.

Milango iliyopo

Jambo moja limebadilika tangu enzi zetu. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Yule msichana wa ukurasa wa kwanza ni mmoja wa waliorudi. Mama yake alikubali kulea mjukuu, akaandikishwa Januari 2022 kidato cha pili. Siku ya mahafali alikuwepo, lakini na kidato cha tatu, akiwa kwenye kundi lililopanga viti na kugawa soda.

Binti yangu alimwona akipita na kreti. Hakumwita kupiga naye picha. Aliniambia baadaye kwamba hakujua kama angefurahi au angeaibika. Jumapili iliyofuata alimpelekea daftari nyumbani. Lilirudi siku tatu baadaye. Kwenye swali la jambo usiloweza kusahau, ameandika kwamba siku ya kwanza aliporudi, mwalimu aliita jina lake mstarini kama majina mengine, akaendelea na linalofuata.

Kwa mzazi ambaye ana mtoto aliyekatiza, haya ndiyo ninayoyajua.

Akiwa bado anataka darasa la kawaida, mpelekeni kwa mkuu wa shule au kwa afisa elimu wa halmashauri, mkisema mnataka arejeshwe. Nendeni kabla ya Januari, msingoje shule ijae.

Aliyefaulu upimaji wa kidato cha pili anaweza kujisajili kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa hiyo tunzeni namba yake ya mtihani na matokeo yale, msiyatupe. Usajili hufanyika mapema mwakani, siyo Oktoba.

Ambaye hakufika au hakufaulu kidato cha pili anaanza na Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina utaratibu wa kuwafundisha watu wa namna hii.

Anayetaka ufundi, tuna VETA hapa Mpanda, na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Msaginya. Ushonaji, useremala na umeme ni kazi za kuheshimika, wala si adhabu ya aliyeshindwa.

Na kwa sisi ambao watoto wetu bado wako darasani, nimejifunza kitu kutoka kwa jirani yangu mkulima. Yeye akivuna, Julai au Agosti, magunia mawili hayaingii kwenye hesabu ya nyumba. Anayauza na kununua sare, viatu na madaftari ya Januari wakati huo huo, anafungia kabatini. Januari ikifika, kwake inakuwa mwezi kama mingine.

Baada ya mtihani

Watoto wetu hufanya mtihani Novemba. Wakimaliza, watakuwa nyumbani mpaka matokeo yatoke Januari, na wengine miezi mingi zaidi wakingoja kupangiwa kidato cha tano au chuo. Ni kipindi kirefu, na ni msimu ule ule wa mvua na mfuko mtupu. Mpe mtoto kazi, mpe ratiba, mpe na muda wa kukaa nawe. Ongea naye habari za matokeo, ndiyo. Lakini muulize pia kuhusu miaka hii minne imempitisha wapi. Muulize nani alikuwa rafiki yake na yuko wapi sasa. Mimi nilichelewa miaka minne kuuliza, na nilichokipata ndani ya daftari moja kimenifundisha kumhusu mwanangu kuliko ripoti zote nilizotia saini.

Na kama ana rafiki ambaye hakuhitimu naye, msaidie kumtafuta. Asije naye akawa mtu mzima anayenunua mchele kwa miaka 26 bila kuuliza kitu.

Daftari liko juu ya kabati. Ukurasa wa yule kijana bado mtupu. Mama yake amesema mwisho wa mwezi huwa anakuja nyumbani siku mbili. Tutampelekea, na kalamu, na ile karatasi ya maelezo ya mtahiniwa wa kujitegemea nimeichomeka hapo hapo kwenye ukurasa wake. Akiandika asiandike, nimemwahidi binti yangu kwamba safari hii mama yake kijana ndiye atakayeanza kuuliza, nami nitakuwa nimekaa kando yake.